ALIYETOA AMRI NDIYE ATOE USHAHIDI



Lugha yetu yatumia neno moja kwa vitu viwili. Yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, huitwa risasi. Na kile kipande kinachotoka katika mtutu wa bunduki kwenda kumtoboa mtu kifua, nacho huitwa risasi. Waliotuachia neno hili hawakukosea, kwani kwa muda mrefu kitu chenyewe kilikuwa kimoja. Lakini wakubwa wa dunia, tangu walipoanza kuunda bunduki kwa maelfu, wameutazama upande mmoja tu wa neno hili, upande wa mbele ya mtutu. Wamewahesabu waliopigwa. Hawakumhesabu aliye nyuma ya bunduki, na wala si mpigaji tunayemkusudia, bali yule anayeketi katika chumba cha ghala, tambara mkononi na debe la dawa kando ya mguu wake, akizisafisha bunduki za wenziwe mpaka zing'are kama kioo. Huyo ndiye fundi wa bunduki, na leo twaandika kwa ajili yake.

Hatukosi kuulizwa: nyinyi wapinzani, ambao bunduki mmeziona upande wa mbele zaidi kuliko upande wa nyuma, mna haja gani ya kumlilia mwenye kuzisafisha? Twajibu kwamba mtu anayetiwa mikono katika sumu kwa amri ya mkubwa wake ni mfanyakazi, sawa na mchukuzi wa bandarini na mchumaji wa karafuu, na sare haimvui mtu ubinadamu wake. Na tukiulizwa kwa nini twaizungumza Marekani badala ya nchi iliyo karibu, jibu ni jepesi. Huko ndiko makaratasi yalikofunguliwa. Askari mstaafu wa Marekani akidai kwamba kazi ndiyo iliyomtia maradhi, dai lake husikilizwa, hukumu yake huandikwa, na kila mwenye kutaka kuisoma huisoma. Nchi ambazo makaratasi yao yamefungwa hazikusalimika na maradhi. Zimesalimika na khabari zake tu.

Basi tulitazame lile debe. Bunduki inayotoka katika ghala huwa imepakwa grisi nzito ili isishike kutu. Na inayotoka katika uwanja wa shabaha huwa na masizi ya baruti, chembe za shaba na chembe za risasi zilizonata ndani ya mtutu. Ili kuyaondoa hayo, majeshi na viwanda katika karne iliyopita yalitumia maji yasiyokuwa maji: dawa zinazoyeyusha mafuta mara moja, zinazokauka upesi, na zinazoacha ngozi ya mkono nyeupe na yenye kupasukapasuka, kwa sababu pamoja na grisi ya bunduki huondoa na mafuta ya ngozi ya mwenye kuisafisha. Mafundi wengi hawakujua majina ya dawa hizo. Juu ya debe palikuwa na nambari ya ghala, na labda maneno mawili: dawa ya kusafishia.

Mojawapo iliitwa kaboni tetrakloridi. Ini la mwanadamu huivunja dawa hii, na vipande vinavyopatikana huliunguza ini lile lile lililovivunja. Na aliyekunywa pombe huumia zaidi kuliko asiyekunywa. Jambo hili la pombe msomaji alikumbuke, tutalirudia. Mwaka 1970 dawa hiyo ilipigwa marufuku nchini Marekani katika vitu vya kutumiwa nyumbani. Twaomba neno hilo litazamwe: nyumbani. Mke wa fundi aliambiwa asiondolee madoa ya nguo kwa dawa hii kwa sababu itamdhuru. Marufuku ikaishia mlangoni mwa nyumba, kazini haikuingia.

Ya pili, na ndiyo iliyo kubwa, ni trikloroethilini. Harufu yake ni tamu kidogo, na zamani hata madaktari waliitumia kuwalaza wagonjwa usingizi. Mwaka 1976 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitangaza kwamba panya waliolishwa dawa hii waliota saratani ya ini. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walikutana wakaiweka katika daraja la kwanza, daraja la vitu ambavyo hapana shaka tena kwamba vyamtia mwanadamu saratani. Na kiungo walichokitaja kwa yakini ni figo. Nao mwili wenyewe ndio unaosaidia kuifanya kazi hiyo. Ukitaka kuitoa dawa hii, mwili huifunga ndani ya ini pamoja na kitu kingine, kisha huipeleka katika figo ili itoke. Na huko katika figo kile kifungo hufunguka, kikawa sumu kali kuliko ile iliyoingia. Mwezi wa Disemba 2024 ndipo Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilipotoa kanuni ya kuipiga marufuku, na mwaka 2025 sehemu za kanuni hiyo zikaahirishwa. Kutoka panya hadi kanuni ni miaka 48. Kijana aliyeingia ufundi na miaka 20 katika mwaka ule wa panya, kanuni ilimkuta na miaka 68, ikiwa ilimkuta.

Tena iko benzini, ambayo imo katika petroli na ilikuwamo katika dawa nyingi za kuondolea mafuta. Hii huingia katika uboho wa mifupa, hapo damu inapotengenezwa, na huleta saratani ya damu. Mwaka 1948 chama cha makampuni ya mafuta ya Marekani chenyewe kiliandika katika kitabu chake kwamba kipimo cha benzini kilicho salama kabisa ni sifuri. Hawakulazimishwa na mtu kuyaandika hayo, waliyaandika wao. Lakini serikali ilipotaka kukishusha kipimo cha benzini kazini kutoka sehemu 10 hadi sehemu 1 katika sehemu milioni za hewa, chama hicho hicho kilikwenda mahkamani, na mwaka 1980 Mahkama ya Juu ikaitangua kanuni. Ilipofika mwaka 1987 ndipo kipimo cha sehemu 1 kiliposimama. Mwenye kusema kwamba wakati ule watu hawakujua, na aonyeshwe ule mwaka wa 1948.

Sasa tuirudie risasi yenyewe. Watu wengi wadhani kwamba risasi humwendea adui peke yake. La hasha. Ile fataki iliyo nyuma ya ganda, inayogongwa na msumari wa bunduki ili iwashe baruti, kwa muda wa miaka mingi imetengenezwa kwa chumvi ya risasi. Ikiwaka hutoa moshi wenye risasi. Tena moto wa baruti huiyeyusha kidogo sehemu ya nyuma ya kipande cha risasi chenyewe, na hiyo nayo huwa mvuke, kisha huwa vumbi. Vumbi hilo hubaki ndani ya mtutu, hubaki katika kifungio, hubaki sakafuni, na hubaki katika tambara. Fundi hulisugua kwa burashi ya waya, hulipuliza kwa pumzi ya bomba, mwisho wa kazi hulifagia likiwa kavu. Akitoka hapo hula mkate kwa mkono ule ule, huvuta sigara kwa vidole vile vile, na jioni humpakata mwanawe. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi hapa twalisema neno hilo si kwa fumbo.

Risasi ikiingia katika damu huondoka baada ya wiki chache, lakini haiondoki kwenda nje yote. Sehemu yake kubwa huhamia mifupani, na huko hukaa miongo ya miaka. Hupandisha shindikizo la damu, huharibu figo, hudhuru akili na uzazi. Na wataalamu wa Lyon wameziweka chumvi za risasi katika daraja la pili, la vitu ambavyo yaelekea vyaleta saratani. Shirika la Afya Duniani lasema hapana kipimo cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara. Walakini kanuni ya kazini ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1978, yakusudia tu kwamba damu ya mfanyakazi isizidi mikrogramu 40 katika desilita moja. Kwa mtoto, tangu mwaka 2021, kipimo cha kuwashtua madaktari wa nchi hiyo hiyo ni mikrogramu 3.5. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwauliza wanachuoni wa Baraza la Taifa la Utafiti kama kanuni ile ya 1978 yawatosha askari wa viwanja vya shabaha, na jibu lao, lililotolewa mwishoni mwa mwaka 2012, lilikuwa wazi: haiwatoshi, madhara hutokea chini ya kipimo hicho. Jibu hilo lilikuja baada ya miaka 34.

Kuna kisa kimoja twapenda kukieleza kwa urefu, kwa sababu kinaonyesha jinsi ujinga wa mkubwa unavyotembea kutoka mgongo wa mtu huyu hadi mgongo wa mtu yule. Bunduki ya M16 ilipopelekwa Vietnam katika miaka ya 1960, askari waliambiwa kwamba hii ni bunduki ya kisasa, haitaki kusafishwa sana. Vifaa vya kusafishia vikawa haba. Papo hapo baruti yake ilikuwa imebadilishwa ikatiwa nyingine yenye masizi mengi zaidi, na chumba cha risasi cha bunduki kilikuwa hakikupakwa kromi. Bunduki zikakwama vitani mikononi mwa vijana, na wako waliokufa na bunduki zao zimefunguliwa, wakijaribu kutoa ganda lililonasa. Kamati ya Kongresi iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza, na mwaka 1967 ikaandika maneno makali. Dawa iliyopatikana ilikuwa mbili: safisheni sana, na pakeni kromi. Vyote viwili vilikuwa sawa kwa bunduki. Lakini kusafisha sana maana yake ni mikono kukaa zaidi katika debe. Na kupaka kromi maana yake ni mtu kusimama juu ya birika lenye tindikali ya kromi, umeme ukipita ndani yake, mapovu yakipasuka na kutoa ukungu wa manjano. Kromi ya aina hiyo, ile iitwayo kromi sita, imo katika daraja la kwanza la Lyon tangu mwaka 1990, kwa saratani ya mapafu. Kipimo chake kazini kilikuwa mikrogramu 52 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Mwaka 2006 kikashushwa hadi 5, na hakikushushwa kwa huruma, kilishushwa baada ya watu kwenda mahkamani na mahkama kuamrisha. Basi kijana wa Vietnam aliokolewa, na khasara ikahamishiwa kwa mfanyakazi wa birika. Aliyeanza kosa hakuonekana katika daftari lolote la wagonjwa.

Hatusemi kwamba kila aliyepata kusafisha bunduki atapata saratani. Mwenye kusema hivyo atakuwa mwongo, na sisi hatutaki ukweli wetu ubebwe na uongo. Askari anayeisafisha bunduki yake moja kwa mafuta mepesi, penye upepo, na kunawa kwa sabuni, khatari yake ni ndogo. Tunayemzungumza ni yule ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kutwa, mwaka baada ya mwaka, katika chumba ambacho kwa sababu ya kuwazuia wezi kimejengwa bila ya madirisha. Usalama wa bunduki umezingatiwa hata hewa ya mtu imesahauliwa.

Wala hatutaki kusikia kwamba hapakuwa na njia nyingine. Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo ndiyo waliyoibeba wazee wetu waliotumikia Keya, fataki yake iliacha chumvi yenye kula chuma. Na desturi ya jeshi la Kiingereza ilikuwa kumimina maji yaliyochemka ndani ya mtutu, kisha kupitisha kitambaa kwa kamba, kisha kupaka mafuta. Maji ya moto! Twakiri kwamba maji hayo yasingetosha kwa grisi nzito ya ghala. Lakini maji ya moto yenye sabuni kali katika birika la kuoshea yanatosha kwa kazi nyingi, na leo mabirika ya namna hiyo yanatumika katika karakana nyingi za dunia. Njia ilikuwapo. Ilikuwa ndefu kidogo, na muda wa fundi ulionekana una thamani kuliko ini lake.

Tumefika katika kiini cha maneno yetu, nacho ni hiki: nani anayetakiwa kuthibitisha?

Fundi wa Marekani anayeugua leo, akiiendea Idara ya Maveterani, hutakiwa alete mambo matatu. Kwanza, aonyeshe kwamba ana maradhi. Hilo ni rahisi, mwili wake wasema. Pili, aonyeshe kwamba alipokuwa jeshini aliguswa na kitu kinachodhuru. Tatu, alete neno la mganga kwamba yaelekea kwa uchache nusu kwa nusu kuwa hiki ndicho kilicholeta kile. Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba sheria yao yampa mdai faida ya shaka: mizani ikisimama sawasawa, hukumu yamwendea yeye. Hii ni sheria njema, na laiti nchi nyingi zingekuwa nayo. Lakini mizani itasimamaje sawasawa ikiwa upande mmoja hauna cha kuweka? Maradhi haya huja baada ya miaka 20, 30, au zaidi. Debe limekwisha kutupwa. Karakana imekwisha kubomolewa. Msimamizi amekwisha kufa. Fundi anakumbuka harufu, anakumbuka kichwa kuuma, anakumbuka mikono kuwa myeupe. Jina la dawa halijui kwa sababu hakupata kuambiwa. Naye aambiwa na karani: wasema kulikuwa na sumu, ushahidi uko wapi?

Ushahidi uko wapi, kweli. Tarehe 12 Julai 1973 jumba la kumbukumbu za askari karibu na St. Louis liliungua, na mafaili baina ya milioni 16 na 18 yakateketea. Katika mafaili ya askari wa nchi kavu walioacha kazi baina ya mwaka 1912 na mwanzo wa mwaka 1960, sehemu 80 katika 100 zilipotea. Nakala hazikuwapo. Basi mwenye jumba ni serikali, mwenye makaratasi ni serikali, mwenye kuunguliwa ni serikali, na mwenye kutakiwa alete makaratasi ni mgonjwa.

Na asidhani kwamba ataipeleka serikali mahkamani. Mwaka 1950, katika kesi ya Feres, Mahkama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba askari hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yaliyompata kwa ajili ya utumishi wake. Katika kesi zilizoamuliwa pamoja siku hiyo imo ya askari mmoja aliyepasuliwa tumbo na madaktari wa jeshi. Baada ya miezi minane akapasuliwa tena, na ndani yake ikaonekana taulo yenye urefu wa inchi 30 na upana wa inchi 18, imeandikwa kwamba ni mali ya idara ya matibabu ya jeshi. Naye hakupata haki ya kushtaki. Hukumu ile, ijapokuwa imetobolewa tundu hapa na pale, ingali imesimama. Twafikiri: ikiwa yule mwenye taulo, lenye jina la mwenyewe limeandikwa juu yake, hakusikilizwa, atasikilizwa nani mwenye mvuke usio na jina?

Tena kanuni za usalama kazini nazo zampita pembeni. Amri ya Rais ya mwaka 1980 iliyozitaka idara za serikali zifuate kanuni hizo iliwatoa askari wenye sare, na vifaa na kazi zilizo za kijeshi tu. Raia na askari waweza kufanya kazi inayofanana, juu ya mabirika yanayofanana. Mmoja ana mkaguzi kwa mujibu wa amri ile, wa pili ana sajini wake.

Sasa tazameni jambo linalotuudhi kuliko yote. Katika kambi ya askari wa majini ya Camp Lejeune, North Carolina, trikloroethilini na dawa za jamii yake zilizama ardhini kutoka karakana, matangi na majaa ya kambini, na kutoka kwa dobi mmoja aliyekuwa nje ya kambi, zikaingia katika visima. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1987 watu walikunywa na kuoga maji hayo. Mwaka 1982 katika bomba moja zilipimwa sehemu 1,400 za trikloroethilini katika sehemu bilioni za maji, ambapo kipimo kilichowekwa baadaye ni 5. Wazazi waliozika watoto hawakunyamaza. Walipiga kelele miaka mingi, mpaka mwaka 2012 ikapatikana sheria ya matibabu, mwaka 2017 yakatajwa maradhi manane ambayo mwenye kuyaugua, akiwa alikaa kambini siku 30, huhesabiwa kuwa ameyapata huko bila ya kudaiwa ushahidi zaidi. Na katika maradhi hayo zimo saratani ya figo, ya ini, ya kibofu na ya damu. Mwezi wa Agosti 2022 sheria nyingine ikawafungulia mlango wa mahkama kwa muda wa miaka miwili. Twawapongeza. Walistahiki, na wangestahiki zaidi.

Lakini yule fundi aliyekuwa na dawa hiyo hiyo, isiyochanganywa na maji hata tone, aliyetia mikono mpaka vifundo na kuvuta mvuke wake kutwa, akiwa katika kambi nyingine iliyobahatika kuwa na visima safi, yeye hana dhana hiyo ya kisheria. Aliyekunywa matone huaminiwa, na aliyeogelea hudaiwa ushahidi. Je, hii ni akili? Je, figo hutofautisha baina ya dawa iliyopita katika bomba na iliyopita katika tambara?

Majibu ya wenye kuitetea hali hii twayajua. Wasema: kitabu cha maagizo kilimwonya. Ni kweli; vitabu vya jeshi la Marekani viliandika kwamba dawa ya kuondolea mafuta ina sumu, ivaliwe glavu, itumiwe penye hewa nyingi, isiguse ngozi. Twauliza: glavu zilitolewa na nani, na chumba kile kilijengwa na nani? Onyo lililoandikwa kwa mtu asiyepewa njia ya kulifuata huwa halikuandikwa kwa ajili yake, limeandikwa kwa ajili ya siku ya hukumu, ili mkubwa apate kulionyesha. Wasema tena: alikuwa akivuta sigara, alikuwa akinywa pombe. Na tuseme ndiyo. Hapo ndipo tulipomtaka msomaji akumbuke. Pombe na kaboni tetrakloridi hushirikiana katika kuliua ini. Basi pombe haiitoi dawa katika kosa, yaongeza kosa la aliyempa dawa mtu aliyejulikana kuwa hunywa. Wasema mwishowe: hesabu za maradhi za askari si mbaya kuliko za raia. Hili ndilo lenye hila zaidi. Askari huchaguliwa wakiwa wazima. Wenye moyo mbovu na kifua kibovu hurudishwa mlangoni. Ukimlinganisha mtu aliyechaguliwa kwa uzima wake na umma mzima wenye vilema na wagonjwa, kisha ukakuta wako sawa, hukuthibitisha salama yake. Ndiyo maana watafiti waliotaka ukweli wa Camp Lejeune waliwalinganisha askari wake na askari wenzao wa Camp Pendleton, California; na mwaka 2023 walitangaza kwamba maradhi ya Parkinson, yale ya kutetemeka, yalikuwa zaidi kwa sehemu 70 katika 100 kwa wale wa Lejeune. Mbele ya mizani ya haki, hesabu ilisema.

Sisi twaona kwamba mzigo umewekwa juu ya kichwa kisichokuwa chake. Aliyeinunua dawa ajua jina lake. Aliyejenga chumba ajua upepo wake. Aliyemwamrisha mtu ajua saa alizomweka. Mtu huyo ndiye apaswe kuleta daftari. Na asipokuwa na daftari, kukosekana kwake kuhesabiwe juu yake, si juu ya mgonjwa. Wala hili si jambo tulilolizua sisi barazani. Mwaka 1974 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mapatano nambari 139 juu ya saratani ya kazini, yanayotaka vitu vyenye kuleta saratani vibadilishwe kwa vingine kila inapowezekana, wafanyakazi waelezwe khatari yake, kumbukumbu ziandikwe, na wafanyakazi wapimwe wakiwa kazini na baada ya kuiacha kazi. Marekani, yenye maabara nyingi, haikuyaridhia mapatano hayo.

Na hapa kwetu? Bunduki ziko, na bunduki hazijisafishi. Wanaozisafisha ni watoto wetu, wawe wamo katika chama hiki au katika kile. Hatumtuhumu mtu, kwani hatukuingia katika ghala yoyote. Twauliza tu, na wenye funguo wana uwezo wa kutujibu kwa barua moja: katika debe mna nini? Jina lake liandikwe juu ya debe kwa Kiswahili, si nambari. Chumba cha kusafishia kitobolewe dirisha, na chuma kitiwe dirishani ikiwa mwizi ndiye anayeogopwa. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiwe kavu. Nguo za kazi zifuliwe huko huko zisipelekwe nyumbani kwa mke na watoto. Damu ya fundi ipimwe risasi kila mwaka, na yeye mwenyewe aambiwe kipimo chake. Na liwepo daftari la kila dawa, tarehe na saa alizoishika, litakalohifadhiwa miaka 40 baada ya yeye kuacha kazi. Na kwa kuwa majumba huungua, nakala yake apewe mwenyewe mkononi siku anapovua sare.